Goti, tumbo, kisha misuli: kisa cha mama wa Ngamiani anayetumia dawa ya mafuta

Mgonjwa ni mama wa miaka 63, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, muuza vitumbua na mikate ya kumimina. Ana presha ya siku nyingi, na miaka miwili iliyopita alipata kiharusi chepesi: mdomo ulipinda, mkono wa kushoto ukalegea, baada ya siku chache akarudi sawa. Kliniki alikuwa akitumia simvastatini mg 40 usiku kwa ajili ya kolesteroli, amlodipini mg 10, kidonge kimoja chenye losatani mg 50 pamoja na haidroklorothiazidi mg 12.5, zote za presha, na aspirini mg 75 ya kuzuia damu isigande. Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, kwa kuunganisha mambo tunayokutana nayo sisi wafamasia dirishani. Mama huyu si mtu mmoja, na majibu ya vipimo niliyoyaweka ni ya aina inayoonekana kwa mgonjwa wa hali yake. Dawa, dozi na tahadhari ni za kweli.

Swali ambalo watu wa hapa hutuuliza ni hili: dawa ya maumivu na dawa ya mafuta zinagombana? Wauzaji wengine hujibu "hapana, meza tu", wengine "ndiyo, acha ile ya mafuta kwanza". Majibu yote mawili yanaumiza watu. Panadoli, yaani parasetamoli, haigombani na statini, lile kundi la dawa za mafuta ambalo simvastatini ni mojawapo. Hata diklofenaki na brufeni hazina ugomvi mkubwa wa moja kwa moja na statini. Hatari hukaa pembeni ya jozi hiyo: kwenye figo, kwenye moyo, na kwenye dawa ya tatu ambayo hakuna aliyeiulizia.

Tatizo lilivyokwenda

Lilianza goti la kulia. Mama hukaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa tangu alfajiri. Akiinuka goti limekaza, akitembea kidogo linaachia, na jioni akiwa ametembea sana linavimba. Hiyo ni sura ya kawaida ya goti lililolika kwa umri na kazi. Kwenye duka la dawa aliuziwa diklofenaki za mg 50, kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Maumivu yakatulia. Zilipokwisha akanunua nyingine, kisha nyingine. Wiki ya sita alikuwa bado anameza, asubuhi akishushia na chai kavu kwa sababu ndiyo saa ya biashara na hana nafasi ya kula.

Tumbo likaanza kuwaka moto chini ya kifua. Zahanati walimpima H. pylori, vijidudu vya tumbo, kipimo kikatoka chanya, akapewa dawa za siku 14: omeprazoli, amoksilini, na klarithromaisini mg 500 asubuhi na jioni. Hakuna aliyeuliza anatumia dawa gani nyingine. Mama mwenyewe aliulizwa kama ana ugonjwa mwingine, akajibu "sina, namshukuru Mungu". Kwa jinsi alivyojisikia alikuwa anasema kweli. Presha yake imetulia, kiharusi kimepita, na dawa za kliniki anazimeza kila siku bila kuzifikiria. Mtu wa namna hii haulizwi "unaumwa nini kingine?". Anaulizwa "kila siku unameza nini, asubuhi mpaka usiku?".

Siku ya nane ya dawa za tumbo, mapaja yote mawili yakaanza kuuma, makalio pia, kisha mabega. Akashindwa kuinuka kwenye kigoda mpaka ashikwe mkono. Yeye na wanawe wakaona ni lile goti limepanda juu, kwa hiyo akaendelea na diklofenaki, na siku iliyofuata akachomwa na sindano yake. Kesho yake mkojo ukatoka mchache, rangi ya chai ya mkandaa. Binti yake akaja naye kwenye duka letu kununua dawa ya yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

Dirishani

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipatie tu dawa ya yutiai, na kama una diklofenaki niongezee, mwili wote unaniuma."

Niliomba nione kila anachomeza. Alifungua pindo la leso akamwaga kila kitu juu ya kaunta. Dawa za kliniki zilikuwa kwenye maboksi yake. Za tumbo zilikuwa kwenye bahasha ndogo za kaki zilizoandikwa kwa kalamu "1×2" na "1×1", bila jina la dawa. Diklofenaki ilikuwa kipande cha karatasi ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi: upande wenye jina ulibaki dukani, kwake kimekuja na tarehe ya kuisha muda na herufi nne za mwisho. Mgonjwa mwenye kipande hicho hawezi kumwambia daktari anameza nini hata akitaka. Hili linanikera kuliko jambo lolote lingine katika kazi yetu, kwa sababu kuandika jina la dawa juu ya bahasha hakuchukui hata dakika moja.

Maswali yaliyofungua kisa yalikuwa machache. Maumivu yako wapi hasa: ndani ya goti moja, au kwenye nyama za mapaja yote mawili? Kuinuka na kupandisha mkono kuchana nywele kunawezekana? Kabla ya maumivu haya kuanza, ni dawa gani mpya iliingia? Mkojo una rangi gani? Swali la mwisho mama hakulijibu. Alitazama foleni nyuma yake, akanyamaza. Tulipomsogeza pembeni ndipo akasema kwa sauti ya chini kuwa mkojo umekuwa mweusi tangu jana, na kwamba ameona haya kulitaja mbele ya watu. Mkojo, haja kubwa na mambo ya ndoa hayasemwi juu ya kaunta yenye watu watano. Kila duka la dawa linahitaji kona ya kuzungumzia, hata iwe kiti kimoja nyuma ya kabati.

Hatukumuuzia kitu. Tulimwandikia karatasi yenye majina ya dawa zote, na binti yake akampeleka hospitali saa ileile. Majibu yalikuja hivi: kreatini kinasi, kile kipimo cha misuli iliyoharibika, ilikuwa 18,400, wakati kwa mwanamke kikomo cha kawaida ni chini ya 200 kwa maabara nyingi. Kreatinini ya figo ilikuwa 246, na karatasi yake ya kliniki ya miezi mitano nyuma ilionyesha 82. Potasiamu ilikuwa 5.9, nayo imepanda kuliko kawaida. Kijiti cha mkojo kilionyesha damu nyingi, lakini kwenye hadubini hakukuwa na chembe nyekundu za damu. Hapo jibu lilikuwa wazi. Kilichobadilisha rangi ya mkojo ni mayoglobini, protini inayovuja kutoka kwenye misuli inayokufa. Yutiai haikuwapo.

Nini kiligombana na nini

Simvastatini huvunjwa na kimeng'enya cha ini na utumbo kinachoitwa CYP3A4. Klarithromaisini hukizuia kimeng'enya hicho kwa nguvu, kwa hiyo simvastatini haivunjwi kama kawaida na kiasi chake kwenye damu hupanda mara kadhaa. Kidonge kilekile cha mg 40 alichokuwa anakimeza miaka miwili kwa amani kikawa dozi ambayo hakuna daktari angeiandika. Ndiyo maana maelekezo ya simvastatini yanakataza kabisa kuitumia pamoja na klarithromaisini au ndugu yake erithromaisini. Atovastatini nayo hupitia njia hiyo hiyo, ingawa si kwa ukali uleule: maelekezo ya Marekani yanasema isizidi mg 20 kwa siku mtu akiwa kwenye klarithromaisini. Dawa za fangasi za kumeza kama itrakonazoli na ketokonazoli zimo kwenye kundi hili la kuzuia. Azithromaisini, ingawa ni ya ukoo wa klarithromaisini, haina tatizo kubwa la aina hii.

Mama huyu alikuwa amekaa pembezoni hata kabla ya dawa za tumbo. Amlodipini pia hupandisha simvastatini kidogo, na tangu 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inaelekeza anayetumia amlodipini asipewe simvastatini zaidi ya mg 20. Yeye alikuwa kwenye 40. Jozi hii ni ya kawaida sana, kwa kuwa mwenye presha na mwenye kolesteroli mara nyingi ni mtu yuleyule. Ukiwa na maboksi haya mawili nyumbani, yapeleke kliniki ijayo uulize. Usikate dozi mwenyewe.

Historia ya kundi hili la dawa ina funzo chungu. Mwaka 2001 statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni baada ya vifo vilivyotokana na misuli kuvunjika namna hii, na baadhi ya walioathirika walikuwa wanaitumia pamoja na jemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta. Hapo pia dawa ya pili ilichangia sana.

Sasa figo. Figo huchuja damu kwa msukumo. Kuna mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio na mwingine unaoitoa. Diklofenaki, brufeni na ndugu zake hubana ule wa kuingiza. Losatani hulegeza ule wa kutoa. Haidroklorothiazidi hupunguza maji ya mwili. Kila moja peke yake figo nzima huistahimili. Zikikutana tatu, msukumo unashuka pande zote na chujio linasimama, hasa kwa mtu mzima anayekaa mbele ya jiko kwenye joto la Tanga bila kunywa maji ya kutosha. Juu ya hapo ikaja mayoglobini kutoka kwenye misuli, nayo huziba na kuunguza mirija ya figo. Kwa hiyo sindano ya diklofenaki iliyochomwa kutuliza misuli iliziongezea mzigo figo zile zile zilizotakiwa kuisafisha.

Na hata bila klarithromaisini, bila losatani, mama huyu hakupaswa kupewa diklofenaki tangu siku ya kwanza. Amewahi kupata kiharusi. Tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya imeizuia diklofenaki kwa watu wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, waliopata kiharusi, au wenye mishipa ya miguu iliyoziba, kwa sababu huongeza uwezekano wa mshtuko wa moyo na kiharusi. Mtu anayemeza statini na aspirini kila siku anajieleza kwa dawa zake kwamba mishipa yake ina historia. Muuzaji akiziona dawa hizo mbili angeuliza, na jibu lingetosha kufunga droo ya diklofenaki.

Brufeni nayo ina jambo lake kwa wanaotumia aspirini ya moyo. Ikitangulia, hukaa pale ambapo aspirini inatakiwa kushika kwenye chembe za kugandisha damu, na aspirini ya siku hiyo inapita bure. Ikilazimika mara moja moja, aspirini ya kawaida imezwe kwanza na brufeni isubiri angalau nusu saa, au brufeni iwe imemezwa zaidi ya saa 8 kabla ya aspirini. Kwa mtu kama mama huyu, mwenye tumbo bovu na losatani, jibu langu ni asiitumie kabisa.

Usiikimbie statini kwa hofu

Najua kisa kama hiki kinavyosambaa. Kikitoka Ngamiani kikafika Makorora kimeshakuwa "dawa za mafuta zinaua misuli", na wiki inayofuata watu wanazitupa. Nawaomba msifanye hivyo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2022 kwenye jarida la Lancet, uliokusanya tafiti 19 zenye washiriki zaidi ya 120,000 waliogawanywa kati ya statini na kidonge kisicho na dawa, ulikuta maumivu ya misuli kwa asilimia 27.1 ya waliomeza statini na asilimia 26.6 ya waliomeza kidonge kitupu. Zaidi ya tisa katika kila malalamiko kumi hayakutokana na statini. Misuli kuvunjika kabisa kama ilivyomtokea mama huyu ni jambo la nadra, na likitokea mara nyingi kuna kitu kimelisukuma: dozi kubwa, dawa nyingine, figo mbovu, tezi ya shingo iliyolegea, umri mkubwa na mwili mdogo.

Kutofautisha kunawezekana bila mashine. Maumivu ya goti lililolika hukaa kwenye kiungo, huja kwa ngazi na kuchuchumaa, hupungua ukipumzika. Maumivu ya misuli ya statini hupiga pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa ya mapaja, makalio na mabega, na kwa kawaida huanza wiki au miezi ya kwanza ya dawa, dozi ilipopandishwa, au dawa mpya ilipoongezwa. Yakija na udhaifu, yaani huwezi kuinuka au kupandisha ngazi, au mkojo ukawa mweusi, hapo ni hospitali siku hiyohiyo, statini isimezwe mpaka daktari aone, wala usiyafunike kwa dawa ya maumivu.

Nimeulizwa pia juu ya matunda, na Tanga hatuwezi kulikwepa hilo, maana machungwa ya Muheza yako kila kona. Machungwa matamu hayana shida na dawa hizi. Balungi ndilo lenye shida: juisi yake kwa wingi hukizuia kimeng'enya kile kile cha CYP3A4 kwenye utumbo. Anayemeza simvastatini aliache. Anayemeza atovastatini asilinywe kwa majagi.

Panadoli, na mipaka yake

Mama alipoambiwa panadoli alikunja uso. "Hiyo ya watoto, mwanangu." Wengi wanafikiri hivyo, na sitawadanganya: kwa goti lililolika panadoli peke yake husaidia kidogo tu. Bado ndiyo ya kuanzia kwa mtu wa hali yake, kwa sababu haipandishi statini, haizuii aspirini, na kwa dozi sahihi haibani figo kama diklofenaki. Kwa mtu mzima mwenye ini zima ni vidonge viwili vya mg 500, nafasi ya saa 4 mpaka 6 kati ya dozi na dozi, visizidi vidonge 8 ndani ya saa 24. Mwembamba sana, mnywaji wa pombe au mwenye ini bovu apewe kikomo cha chini zaidi na daktari wake.

Mtego uko kwenye dawa za mseto. Kuna vidonge vinavyouzwa sana vyenye diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, na dawa za mafua nyingi zina parasetamoli ndani yake. Mtu anaacha diklofenaki kwa jina, anainunua tena ndani ya mseto. Mwingine anameza panadoli mbili, dawa ya mafua mbili na mseto mmoja, bila kujua kuwa vitano vyote vina parasetamoli. Soma maandishi madogo ya kilichomo ndani, au mwombe muuzaji akusomee.

Gauti nayo nitaigusa kwa sababu watu wengi wa umri huu wanayo. Kolchisini, dawa ya gauti, inaweza kuumiza misuli ikiwa pamoja na statini, hasa figo zikiwa dhaifu. Hutumika, lakini kwa dozi ndogo, siku chache, na daktari akijua.

Matibabu na hali yake sasa

Hospitali walisimamisha simvastatini, klarithromaisini, diklofenaki, na kile kidonge cha losatani. Walimpa maji ya mshipa ya chumvi ya kawaida kwa wingi, wakapima mkojo kila saa, na kufuatilia moyo kwa ajili ya potasiamu. Hakuhitaji kusafishwa damu. Mkojo ulirudi rangi yake ndani ya siku nne, kreatini kinasi ikashuka kila siku, na kreatinini ilipofika 104 aliruhusiwa. Presha ilishikwa na amlodipini peke yake mpaka figo zilipotulia, ndipo losatani ikarudishwa bila haidroklorothiazidi. Aspirini iliendelea pamoja na omeprazoli. Vijidudu vya tumbo vitatibiwa kwa mpangilio mwingine usio na klarithromaisini.

Goti lilipewa haki yake. Anafanya zoezi la kunyoosha mguu akiwa amekaa kwenye kiti, akikaza paja na kuhesabu mpaka kumi, asubuhi na jioni. Kigoda kimebadilishwa kuwa benchi la kimo cha kiti, kwa maana kukaa chini sana ndiko kulikokuwa kunaliumiza zaidi. Panadoli anameza siku ambazo maumivu yanamzuia kazi, si kila siku. Gel ya diklofenaki ya kupaka, ambayo huingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge, daktari ataifikiria baada ya kupima figo tena.

Tulijaza fomu ya madhara ya dawa kwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, kwani kisa cha namna hii hakipaswi kuishia kwenye faili la mgonjwa. Zahanati na duka vilipewa taarifa kwa utulivu, bila kulaumiana mbele ya mgonjwa. Mama sasa ana karatasi ngumu iliyokunjwa, yenye majina ya dawa zake zote na mstari wa chini ulioandikwa kwa wino mwekundu: "Nina kiharusi cha zamani na dawa ya mafuta. Sipewi diklofenaki, brufeni wala klarithromaisini." Binti yake ameipiga picha, iko kwenye simu yake pia.

Kuhusu kolesteroli, daktari hakumwacha bila kinga. Misuli ilipopona na kreatini kinasi kurudi kawaida, alianzishiwa rosuvastatini mg 5, ambayo haitegemei kimeng'enya cha CYP3A4. Atapimwa misuli, ini na figo baada ya wiki sita, na dozi haitapandishwa kabla ya majibu hayo.